Pumzi Inakwama Wapi?

Kipimo kikuu cha mapafu duniani bado ni cha kupuliza. Mgonjwa anavuta hewa mpaka kifua kijae, anabana mdomo kwenye kijibomba cha spirometa, kisha anapuliza kwa nguvu zote hadi asibakiwe na kitu. Mashine inatoa namba kadhaa, na mbili ndizo zenye uzito: hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na hewa yote iliyotoka hadi mwisho. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili na jibu likawa chini ya 0.70 hata baada ya mgonjwa kuvuta dawa ya kutanua mirija, daktari ataandika kwamba njia za hewa zimeziba na hazifunguki zote. Kipimo hiki kimeitangulia eksirei kwa karibu nusu karne. John Hutchinson, daktari Mwingereza, alikieleza mwaka 1846 baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, na wazo lake limeishi muda wote huo kwa sababu ni rahisi, halina sindano, na linaweza kurudiwa kesho na keshokutwa bila madhara. Sina ugomvi na spirometa. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba namba inayotoka ndani yake ni jumla, ilhali ugonjwa sugu wa mapafu hauingii kwa jumla. Unashika mahali, unaacha mahali, na kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa hapaonekani mpaka kipimo cha MRI kilipofundishwa kufanya kazi ambayo hakikuumbiwa.

Mkulima akiambiwa kwamba wastani wa mvua wilayani ulikuwa mzuri mwaka huu, hajaambiwa chochote kuhusu shamba lake. Pafu ni hivyo hivyo. Sehemu moja inaweza kuwa inajaa na kupungua kama kawaida, jirani yake ikawa haipokei hewa kabisa, na ya tatu ikapokea hewa nzuri lakini damu ya kuichukua isifike. Hewa ya sehemu hizo zote inatoka kwa mdomo mmoja, na mashine iliyokaa mdomoni haina namna ya kuitenganisha. Watu wawili wanaweza kutoka na namba ileile, mmoja akiwa na ugonjwa mwepesi uliotapakaa kote, mwingine akiwa na robo ya pafu iliyokwisha kufa na robo tatu zinazofanya kazi kwa bidii kufidia. Kumwita kila mmoja wao mgonjwa wa daraja la pili la ukali ni sahihi kwa karani anayejaza takwimu. Kwa daktari anayetaka kujua dawa ifike wapi, ni habari pungufu.

Upungufu huo una asili yake katika umbo la mapafu. Bomba kuu la pumzi linagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na tena, mara 23 hivi, hadi hewa inapofika kwenye vifuko vidogo ambavyo kwa mtu mzima idadi yake inakaribia milioni 480. Mirija mikubwa ni michache, na ndiyo inayoibania hewa njia. Mirija midogo, ile yenye upana usiofika milimita mbili, ni mingi mno, kiasi kwamba ikiunganishwa pamoja nafasi yake ni kubwa kuliko ya bomba kuu mara nyingi, na hewa inapita humo karibu bila kipingamizi. Fikiria Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro kumi vikifungwa, watu watapita vingine, na anayehesabu wanaotokea barabara kuu hataona tofauti. Mwenye nyumba ndani ya kichochoro kilichofungwa ndiye anayejua. Mwaka 1970 Jere Mead, mwanafiziolojia wa Marekani, aliliita eneo hilo la mirija midogo eneo la kimya la mapafu, maana linaweza kuharibika sana kabla kipimo cha kupuliza hakijasema neno. Mwaka 2011 watafiti waliochunguza vipande vya mapafu ya wagonjwa kwa picha zenye ukuzaji mkubwa waligundua kwamba katika ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, ule unaofupishwa COPD, mirija midogo inasinyaa na kutoweka kabla hata vifuko vya hewa havijaanza kubomoka. Kwa maneno mengine, spirometa inaanza kulalamika wakati hasara imekwisha kuwa kubwa.

Zipo picha, bila shaka. Eksirei inaonyesha kivuli cha kifua chote kwa mkupuo, na CT-Scan inakikata kifua vipande vyembamba kama mkate na kuonyesha kila ukuta, kila kovu, kila tundu. Kwa umbo la mapafu hakuna kinachoishinda CT-Scan, na sitaki msomaji aondoke na dhana kwamba MRI imekuja kuizika. Lakini CT-Scan inapima uzito wa kitu kilichopo mahali fulani: kizito kinakuwa cheupe, chepesi kinakuwa cheusi. Hewa iliyoingia sasa hivi na hewa iliyonaswa humo tangu asubuhi zote ni nyeusi. Ukuta mzima si ushahidi kwamba kuna kitu kinapita nyuma yake, na ukuta mwembamba unaoonekana salama unaweza kuwa ndio unaokataa kupitisha oksijeni kuingia katika damu.

MRI nayo ilikuwa na tatizo lake, kubwa zaidi. Mashine hii husikiliza viini vya haidrojeni, hasa vile vilivyomo ndani ya maji na mafuta ya mwili, ndiyo maana inaupenda ubongo na goti. Pafu lina maji machache kwa sababu sehemu kubwa yake ni hewa. Tena, kila mpaka kati ya hewa na nyama unapotosha uga wa sumaku kidogo, na mipaka hiyo ni mamilioni, kwa hiyo ishara inayotoka kwenye pafu ndani ya mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 inazimika katika milisekunde moja au mbili, mara nyingi kabla mashine haijawa tayari kuisikia. Ongeza kwamba pafu halitulii: linapanda na kushuka, na moyo unalipiga ubavuni. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi picha ya MRI ya kifua ilionyesha moyo mzuri, mgongo mzuri, na katikati mashimo mawili meusi. Wahandisi wamepunguza weusi huo kwa kuifundisha mashine isikilize mapema zaidi, sehemu ndogo sana ya milisekunde baada ya kuamsha ishara, na picha za aina hiyo leo zinakaribia CT-Scan kwa kuonyesha makovu na mirija iliyopanuka. Hilo ni jambo jema, ila linabaki kuwa picha ya kuta. Hatua kubwa ilikuja watu walipoacha kuipiga picha nyama na kuamua kuipiga picha hewa yenyewe.

Kwa kawaida hilo haliwezekani. Viini ndani ya sumaku hujipanga, vingine kufuata uga, vingine kuupinga, na ishara ya MRI inatokana na tofauti ya pande hizo mbili. Kwa haidrojeni ya mwili ndani ya mashine ya tesla 1.5, tofauti hiyo ni kama viini vitano tu katika kila milioni. Maji yana viini vingi vilivyosongamana, kwa hiyo hata watano kwa milioni wanatosha kupiga kelele. Gesi ni nyepesi mno, na watano wake hawasikiki. Dawa ya hilo ilitoka mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja: fizikia ya mwanga. Alfred Kastler wa Ufaransa, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, alionyesha namna mwanga uliopangwa vizuri unavyoweza kuzielekeza atomi upande mmoja. Waliomfuata walichukua mvuke wa metali iitwayo rubidi, wakaumulika kwa leza, rubidi ikashika mwelekeo, kisha wakaiacha igongane na atomi za gesi nzito tulivu iitwayo zenoni. Katika kugongana huko rubidi inaikabidhi zenoni mwelekeo wake. Baada ya muda si viini vitano kwa milioni tena vilivyoelekea upande mmoja, ni kumi, ishirini, au zaidi ya hapo katika kila mia. Wepesi wa gesi unafidiwa, na ziada inabaki.

Mwaka 1994 kundi la watafiti wa vyuo vikuu vya Stony Brook na Princeton, Mitchell Albert na William Happer wakiwemo, lilichapisha picha ya kwanza ya namna hii: mapafu ya panya yaliyotolewa mwilini na kujazwa zenoni. Miaka miwili baadaye watafiti wa Duke nchini Marekani na Mainz nchini Ujerumani walikuwa na picha za mapafu ya watu, ila kwa kutumia gesi iitwayo heli-3, ambayo ishara yake ni kali zaidi. Heli-3 ina kisa chake. Haichimbwi kama madini. Inatokana na tritiamu inayooza, na tritiamu ilirundikwa kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi na tano mapafu ya wagonjwa wa pumu yalipigwa picha kwa masalia ya Vita Baridi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani ilianza kuitumia gesi hiyohiyo katika vifaa vya kunusa nyuklia mipakani na bandarini, akiba ikapungua, na maabara za mapafu zikajikuta zinagombania gesi na maofisa usalama. Watafiti hawakushinda. Walirudi kwa zenoni, ambayo imo hewani kila mahali ingawa haifiki sehemu moja katika milioni kumi, na wakagundua kwamba uhaba uliwasukuma kwenye gesi yenye jambo ambalo heli haina: zenoni inayeyuka ndani ya nyama na damu.

Kipimo chenyewe ni kifupi. Gesi iliyoelekezwa inawekwa katika mfuko wa plastiki, kama nusu lita hadi lita moja. Mgonjwa amelala ndani ya mashine amevaa fulana yenye antena iliyosetiwa kusikia zenoni na si haidrojeni. Anavuta gesi, anabana pumzi kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, anaachia. Wengine huona kizunguzungu kidogo au ganzi ya muda, maana zenoni ikivutwa kwa wingi ni nusukaputi, lakini dakika moja au mbili baadaye imekwisha kutoka kwa njia ileile ya pumzi. Hakuna mionzi. Kinachotokea kwenye kioo ni kinyume cha picha ya kawaida ya MRI: mwili wote umezimika, na mapafu yamewaka. Palipofikiwa na hewa pameng'aa. Pasipofikiwa pana giza. Mafundi hulihesabu giza hilo kama asilimia ya pafu lote, na kwa mara ya kwanza daktari anakuwa na namba inayoambatana na ramani yake.

Ramani hiyo ina tabaka. Ya kwanza ni hiyo ya kuingia kwa hewa. Ya pili inatokana na jinsi atomi za gesi zinavyotangatanga wakati mgonjwa amebana pumzi: katika kifuko kizima atomi inagonga ukuta mara moja na kurudi, lakini katika pafu ambalo vifuko vyake vimebomoka na kuungana kuwa vyumba vikubwa, hali iitwayo emfisema, atomi inasafiri mbali, na umbali huo unapimika bila kumkata mtu kipande cha nyama. Ya tatu ndiyo inayonistaajabisha. Sehemu ndogo ya zenoni, asilimia moja au mbili hivi, inapenya kutoka kwenye vifuko, inapita ule utando mwembamba, inaingia katika seli nyekundu za damu, ikifuata njia ileile ya oksijeni. Na kila ifikapo inabadilisha mlio: ikiwa gesi ina masafa yake, ikiwa ndani ya utando yanabadilika, ikiwa ndani ya seli nyekundu yanabadilika tena. Mashine inaweza kutenganisha sauti hizo tatu na kusema, mahali kwa mahali, kiasi gani kilifika ndani ya kifuko, kiasi gani kimekwama ukutani, na kiasi gani kimepokewa na damu. Jina zenoni linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni. Mgeni huyu anaingia hadi chumba cha ndani na kutoka akiwa na taarifa.

Sasa ushahidi. Pumu kwa muda mrefu ilifundishwa kama ugonjwa wa mirija yote kubana kwa pamoja na kuachia kwa pamoja. Picha za gesi zilionyesha mabaka: hapa giza, pale nuru, na wagonjwa walipopigwa picha tena baada ya wiki au miezi, mengi ya mabaka hayo yalikuwa palepale. Kubana kwa misuli peke yake hakuelezi ukaidi wa aina hiyo. Vizibo vya kohozi vinaueleza, na CT-Scan za wagonjwa wenye pumu kali zimevionyesha vizibo hivyo ndani ya mirija. Watoto wenye saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya kohozi liwe zito, wametoa somo jingine. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017, watoto 19 ambao kipimo chao cha kupuliza kilikuwa cha kawaida walipigwa picha kwa heli-3, na wengi wao walikutwa na sehemu zisizopata hewa sawasawa. Wazazi wao wangeambiwa kwamba mapafu ni mazima. Kwa ugonjwa wa makovu ya mapafu, Sheffield hao hao waliripoti mwaka 2019 kwamba kwa muda wa miezi kumi na miwili zenoni inayofika kwenye seli nyekundu ilipungua ikilinganishwa na ile iliyo kwenye utando, wakati vipimo vya kawaida vya kupuliza havikuonyesha mabadiliko ya maana. Na baada ya janga la korona, Oxford na Sheffield walipowachunguza watu waliobaki na upungufu wa pumzi miezi kadhaa baada ya kupona, waliwakuta baadhi yao wakiwa na CT-Scan iliyo karibu safi na upitishaji wa gesi ulio na hitilafu. Watu hao walikuwa wakilalamika, na karatasi zao za vipimo zikiwakanusha.

Hoja hii ina wapinzani, na si wajinga. Wa kwanza atasema kwamba CT-Scan za siku hizi zimepunguza mionzi sana, zinapigwa kwa sekunde chache, na zipo kila hospitali kubwa. Ni kweli. CT-Scan ya kifua ya kawaida ilikuwa na mionzi ya milisieverti tano hadi saba, na ya dozi ndogo inashuka hadi moja na nusu hivi au pungufu. Kwa mzee wa miaka 70 anayetafutwa saratani, hesabu hiyo haina shida. Lakini ugonjwa sugu haupimwi mara moja. Mtoto mwenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi atahitaji kutazamwa mara kadhaa kwa mwaka kwa miaka mingi, na hata dozi ndogo ikirudiwa mara thelathini inakuwa dozi. Zaidi ya hapo, jibu langu la msingi si la mionzi. Ni kwamba vipimo hivi viwili haviulizi swali moja. Anayetaka kujua nyumba imejengwaje aende kwa CT-Scan. Anayetaka kujua kama maji yanatoka bombani inambidi afungue bomba.

Mpinzani wa pili anauma zaidi. Anasema: mmeona mabaka, halafu? Dawa ya kuvuta ni ileile, ushauri wa kuacha sigara ni uleule, na mgonjwa ataondoka na picha nzuri na hofu mpya. Zaidi ya hayo, hata watu wenye afya, hasa wanapozeeka, wanakutwa na giza kidogo hapa na pale, kwa hiyo picha inayoona kila kitu inaweza kuzalisha wagonjwa ambao hawakuwepo. Pingamizi hili nalikubali nusu. Hatujapata jaribio kubwa linaloonyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa kufuata ramani ya zenoni wanaishi muda mrefu kuliko waliotibiwa kwa kufuata spirometa, na mpaka lipatikane, yeyote anayeuza kipimo hiki kama uchunguzi wa jumla kwa watu wazima wasio na dalili anauza wasiwasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipoidhinisha gesi hii mwezi Desemba 2022, iliidhinisha kitu chenye mipaka: kupima jinsi hewa inavyoingia mapafuni kwa watu wa miaka 12 na kuendelea. Haikusema kila mwenye kikohozi apelekwe.

Nusu ninayoikataa ni ile ya kusema kwamba kujua mahali hakubadilishi kitu. Kuna tiba ya pumu kali ambayo daktari anaingiza mrija mapafuni na kuuchoma kwa joto ukuta wa njia za hewa ili misuli yake ipungue. Kwa utaratibu wa kawaida inafanywa kwa vikao vitatu, pafu lote likipitiwa kipande kwa kipande, na baada ya kila kikao pumu ya mgonjwa inaweza kuchachamaa. Katika jaribio dogo la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, kundi moja lilitibiwa kwa kikao kimoja kilichoelekezwa na picha za zenoni, daktari akienda kwenye mirija iliyokuwa mibaya zaidi tu. Maisha ya wagonjwa hao yaliboreka kwa kiwango kilichokaribiana na cha wale wa vikao vitatu, na baada ya tiba hawakusumbuka sana kama wenzao. Nchini Kanada, wagonjwa wa pumu kali waliochomwa dozi moja ya benralizumabi, dawa inayoziondoa seli zinazochangia kohozi zito, waliona giza katika picha likipungua ndani ya mwezi. Hapo ramani haikuwa pambo. Ilisema nani ananufaika na dawa ya gharama kubwa, na ikasema mapema, kabla miezi mingi ya bili haijapita. Na wanaotengeneza dawa mpya za COPD, ugonjwa ambao namba yake ya kupuliza hushuka polepole kwa miaka, wanahitaji kipimo kinachoona badiliko dogo kwa haraka, la sivyo kila jaribio litahitaji maelfu ya watu na muongo mzima.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki pingamizi zito kuliko yote ni la fedha, na linapaswa kujibiwa bila kuzungukwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na karibu asilimia 90 ya vifo vya walio chini ya miaka 70 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Masindi, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huo kwa asilimia 16.2 ya watu wa vijijini wenye zaidi ya miaka 30, wanawake wakiwa hawajaachwa nyuma hata kidogo, jambo linaloelekeza kidole kwenye moshi wa kuni na si kwenye sigara pekee. Mahali ambapo zahanati haina spirometa na duka la dawa halina pampu ya salbutamoli, kuzungumzia leza na zenoni ni kama kumletea mwenye njaa kitabu cha mapishi. Fedha ya kwanza iende kwenye spirometa, pampu na majiko yasiyojaza moshi jikoni. Hilo silibishi.

Ila huku kwetu ndiko hoja ya mahali inapokuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ya kifua kikuu. Bakteria wakiuawa kwa dawa, mgonjwa huandikwa amepona, lakini anaweza kubaki na matundu, makovu, na mirija iliyopanuka isiyoweza kutoa kohozi lake. Uharibifu huo ni wa mabaka kwa asili yake: sehemu ya juu ya pafu moja imekwisha, iliyobaki inapumua. Akipuliza, mwingine anatokea kama mtu wa njia zilizoziba, mwingine kama mtu wa pafu lililosinyaa, mwingine kama mzima, na anapewa pampu iliyobuniwa kwa wavutaji sigara wa Ulaya bila mtu kujua kama dawa inafika popote panapohitajika. Mchanganyiko wa kovu la kifua kikuu na moshi wa jikoni haukuwa mbele ya macho ya waliotunga madaraja ya ugonjwa huu. Wanaotaka kuuchorea ramani hawahitaji kuwa na mashine kila wilaya. Wanahitaji kuwa nayo mahali pamoja au pawili, kwa wagonjwa mia kadhaa, ili miongozo ya tiba iandikwe kwa kuangalia mapafu yetu.

Na njia za kufika huko si zote za gharama ileile. Watafiti wa Heidelberg na Hannover wamejenga mbinu isiyotumia gesi wala sindano: mgonjwa anapumua kama kawaida, mashine ya kawaida ya tesla 1.5 inapiga picha za haraka mfululizo kwa dakika moja hivi, kisha programu ya kompyuta inatenganisha mdundo wa pumzi na mdundo wa moyo ndani ya ule weusi hafifu, na kutoa ramani mbili, ya hewa na ya damu. Mashine za nguvu hiyo zipo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Kinachoongezwa ni programu na mtu aliyefundishwa. Ramani hizo ni hafifu kuliko za zenoni na haziwezi kusema gesi imevuka utando au la, lakini kwa pafu lenye kovu la kifua kikuu swali la kwanza ni rahisi kuliko hilo.

Njia nyingine inapitia sumaku dhaifu. Watu wamezoea kudhani kwamba MRI bora ni yenye sumaku kali zaidi, na kwa ubongo ni kweli. Kwa pafu, ule upotoshaji wa uga kwenye mipaka ya hewa na nyama unapungua sumaku inapodhoofika. Na gesi iliyoelekezwa kwa leza haihitaji sumaku kali ili ielekee. Ilikwisha kuelekezwa kabla haijaingia chumbani. Watafiti wa Harvard waliwahi kupiga picha za mapafu kwa heli-3 ndani ya uga wa militesla 6.5, zaidi ya mara mia mbili chini ya mashine ya hospitali, anayepimwa akiwa hata ameketi. Huko Mbarara, Uganda, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani wameunganisha mashine ya sumaku za kudumu zenye nguvu ya karibu militesla 50, wakaijenga papo hapo kutoka vipande, kwa lengo la watoto wenye vichwa maji. Haikujengwa kwa ajili ya mapafu, na tundu lake ni la kichwa, si kifua cha mtu mzima. Lakini inaonyesha kwamba upande wa sumaku unaweza kutatuliwa na mafundi waliopo. Upande uliobaki mgumu ni wa gesi: zenoni iliyoelekezwa hupoteza mwelekeo wake haraka, ikiingia mapafuni ni suala la sekunde kama ishirini tu kwa sababu oksijeni inauvuruga, kwa hiyo haiwezi kusafirishwa kutoka Ulaya ndani ya mitungi. Inabidi itengenezwe jirani na kitanda cha mgonjwa, kwa leza, rubidi na umeme usiokatika.